Sepsisi: jinsi ya kusoma moyo na mishipa ya mgonjwa ukiwa kando ya kitanda

Sepsisi ni pale mwili unapopambana na maambukizi hadi unaumiza viungo vyake wenyewe. Hatua ya kwanza, acha mashine, shika mkono. Ukiwa wa moto na mapigo yanakimbia, usifurahi. Mwanzoni mwa sepsisi kuta za mishipa humwaga kwa wingi nitriki oksidi, gesi inayolegeza mishipa, hivyo inalegea, damu inajaa ngozini. Ubaridi mara nyingi huja baadaye.

Pili, bonyeza ncha ya kidole cha shahada kwa sekunde 10, achia, hesabu. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, damu haifiki vizuri kwenye vimishipa vidogo. Mabaka magotini nayo ni dalili mbaya, ila kwenye ngozi nyeusi hujificha; mimi naamini kidole zaidi.

Tatu, presha. Wengi wetu husoma namba ya juu tu. Anza na ya chini, maana ndiyo inayoonyesha mishipa imelegea kiasi gani. Izidishe kwa 2, jumlisha ya juu, gawanya kwa 3. Mwenye 96/42: 84 na 96 ni 180, ukigawanya unapata 60. Tunataka angalau 65. Hiyo 96 ingekulaza usingizi.

Nne, dripu, huku antibiotiki zikiingia ndani ya saa ya kwanza kama mgonjwa yuko kwenye mshtuko, yaani presha imeporomoka na viungo vinakosa damu. Mwongozo wa kimataifa wa 2021 unapendekeza angalau mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa 3. Mwenye kilo 60 ni mililita 1,800. Lakini mishipa hii inavuja. Natoa mililita 500, narudia kidole, nasikiliza mapafu, ndipo naendelea.

Presha ikigoma kupanda, noradrenalini, dawa ya kukaza mishipa, na usingoje laini ya shingoni (mrija wa kwenye mshipa mkubwa): anzia kwenye mshipa mzuri wa mkono, ukikagua mara kwa mara pale sindano ilipoingia. Ikivuja nje, inaua nyama.

Mwisho, moyo wenyewe. Misuli yake hudhoofika kwa kemikali ambazo mwili humwaga ukipambana na maambukizi, hata kama mishipa ya moyo haijaziba. Hapa kuna mtego: mishipa ikiwa imelegea, moyo hausukumi dhidi ya kitu, kwa hiyo kwenye ultrasaundi unaonekana mzima. Noradrenalini ikishakaza mishipa, udhaifu unajitokeza. Kwa wanaopona, mara nyingi nguvu hurudi ndani ya siku 7 hadi 10, kwa hiyo rudia kipimo kabla ya kumwandikia mtu dawa za moyo za kudumu.