Waranti ya gari inakaribia kuisha? Pitia haya kwanza

Wakuu, mi nakaa kaunta ya sevisi kwenye dila moja (duka la gari lililoidhinishwa na kampuni) hapa Texas, huu mwaka wa saba, ndio yule jamaa unamkuta mlangoni anakuandikia karatasi alafu gari inaingia ndani kwa mafundi. Wabongo, Wakenya, Wakongo, wote wananiletea stori ileile: waranti, yaani ile dhamana ya kampuni ya kukutengenezea gari bure, ilikuwepo, imeisha wiki tatu zilizopita, na ule mlio ulianza tangu mwaka jana. Sasa uliusikia mwaka mzima ukaongeza sauti ya redio, nikusaidieje?

Hatua ya kwanza, jua waranti yako ilianza lini. Haihesabiwi kwa mwaka wa modeli wala siku we ulipoinunua kwa mtu, inahesabiwa siku gari ilipotoka dukani mara ya kwanza kabisa. Gari ya modeli ya 2023 inaweza kuwa ilishatoka Septemba 2022, kwa hiyo we unajua una miezi kumbe saa imeshakula. Chukua ile namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17 (iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva), piga dila yoyote ya kampuni hiyo, uliza tarehe ya kuanza na nini bado kipo hai. Wakati uko kwenye simu uliza na rikoo kama ipo (kampuni inapoita gari zirudishwe kwa sababu ya kasoro), maana kasoro ambayo kampuni imeitia gari rikoo inarekebishwa bure hata kama waranti ilishakufa zamani.

Hatua ya pili, elewa kwamba gari haina waranti moja, na kila moja ina saa mbili, ya miaka na ya maili, itakayofika mapema ndio imekumaliza. Toyota na Honda wanatoa miaka 3 au maili 36,000 kwa vitu karibu vyote, alafu miaka 5 au maili 60,000 kwa injini, giaboksi na vinavyozungusha matairi, hiyo ndio wanaita pawatreni. Pedi za breki na waipa usilete, hivo vinalika, ni vyako. We unayepiga Uber maili 1,000 kwa wiki ile 36,000 inaisha wiki ya 36, hata mwaka hujafikisha. Na kama gari inafanya biashara soma kile kijitabu kwenye dashibodi sehemu ya matumizi ya biashara, kuna kampuni zinakubana hapo.

Hyundai na Kia ndio wanachanganya watu sana. Ile miaka 10 au maili 100,000 ya pawatreni wanayotangaza ni ya mwenye gari wa kwanza. Ukinunua mkononi kwa mtu inashuka hadi 5 na 60,000, na bado inahesabiwa tangu siku ya yule wa kwanza, isipokuwa kama umenunua iliyotumika kwenye dila yao wenyewe ikiwa imekaguliwa na kupewa cheti cha kampuni.

Alafu kuna moja watu hawaijui kabisa. Sheria ya serikali kuu ya Marekani ya moshi inalinda masega (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi) na kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, kwa miaka 8 au maili 80,000. Nimeshaona mtu ana maili 65,000 kalipia masega mfukoni gereji ya mtaani, karatasi anayo, furaha hana. Na wenye haibridi za Toyota kuanzia modeli ya 2020, ile betri kubwa ina miaka 10 au maili 150,000.

Hatua ya tatu ndio yenyewe, hata ukisahau zingine shika hii. Mwezi au miezi miwili kabla ya kuisha, peleka gari ukiwa na orodha ya kila kinachokukera na hakikisha kinaandikwa kwenye karatasi ya kazi, na tarehe, na maili. Msimamo wa FTC, shirika la serikali la kulinda walaji, ni kwamba tatizo ulilolireport ndani ya waranti na halikutengenezwa sawasawa, kampuni inabaki na deni la kulitengeneza hata muda ukishapita. Ila bila karatasi ni neno lako na langu, na mi nimeajiriwa na dila.

Kuna mama mmoja wa Kikongo alikuja na maili 35 elfu na kidogo, giaboksi inashtuka asubuhi. Fundi akaendesha mchana, injini ya moto, akaandika hajaona tatizo. Mama akataka kuondoka hivohivo, nikamwambia mama usiondoke bila kopi. Aliporudi ana maili 41,000, giaboksi hata hivo ilikuwa bado ndani ya pawatreni, lakini ile karatasi ndio ilimaliza ubishi wa kwamba tatizo limeanza lini. Usiseme tu "gari ina mlio". Sema unasikika wapi, spidi gani, baridi au moto, na urekodi video kwa simu. Ukiweza iache ilale pale fundi aiwashe asubuhi.

Hatua ya nne, risiti. Kumwaga oili si lazima kwa dila, sheria ya waranti ya Marekani, Magnuson-Moss ya 1975, hairuhusu kampuni ikulazimishe gereji au spea zao kama masharti ya waranti wakati hawakupi bure. Ila injini ikifa watauliza ulimwaga lini. Unaefanya mwenyewe nyumbani tunza risiti ya oili na filta, andika maili juu yake.

Hatua ya tano, ekstendedi waranti. Kisheria ile si waranti, ni mkataba wa sevisi unaununua. Zile simu za "waranti ya gari yako inaisha" kata tu, mwaka 2023 FCC, shirika la serikali la mawasiliano, walipiga genge moja la hizo simu faini ya karibu dola milioni 300. Ukitaka kweli, uliza kwanza nani analipa, kampuni iliyotengeneza gari au mtu wa kati, alafu soma ukurasa wa visivyolipwa kabla ya ule wa vinavyolipwa. Bei inajadiliwa, usikubali ya kwanza. Na usikubali waichanganye kwenye mkopo wa gari kimyakimya, utailipia riba miaka. Si lazima uisaini siku unanunua gari, nyingi za kiwanda unaweza kuchukua baadae ilimradi waranti ya mwanzo bado iko hai.

Na kama umechelewa kidogo tu, maili elfu moja mbili hivi, usianze kugombana kaunta. Uliza kwa upole kama kampuni inaweza kuchangia kwa gudwili, yaani kwa hiari yao tu, toa karatasi zako za sevisi, na ukikataliwa na dila piga namba ya wateja ya kampuni yenyewe, wakupe namba ya kesi. Hawalazimiki. Ila mi nimeona wakilipa nusu.