Kabla fundi wa graniti hajashusha jiwe jikoni kwako

Fundi wa graniti, yule wa jiwe la juu ya kaunta ya jikoni, ukimpigia simu leo, kesho asubuhi yuko mlangoni na tepu yake, anapima, anaandika namba kwenye kipande cha boksi, anakwambia "dada tuma advansi tukate". Usitume kwanza. Sio kwamba ni mwizi, wengi ni watu wa kazi kabisa, ila jiwe likishakatwa limekatwa, sio gauni kwamba utaliachia mshono, ukikosea sentimita mbili hizo mbili utazitazama miaka yote utakayokaa kwenye hiyo nyumba. Mi jikoni kwangu Goba, Dar, nilikuwa na haraka ya sikukuu, nikapimisha jiwe kabati zikiwa bado kwa seremala, kwa kufuata mchoro tu, seremala akaja na kabati fupi kuliko mchoro, jiwe likatokeza upande wa mlango kama ulimi na mpaka leo kila mgeni anayeingia kuomba maji anagonga nyonga pale. Kwa hiyo haya ni yale ambayo ningetaka niwe nimeyamaliza kabla hata sijatafuta namba ya fundi.

La kwanza ni mpangilio, na hapa ndo watu wengi tunaharibu. Kabati za chini ziwe zimeshafungwa ukutani, zimenyooka kwa pimamaji, sio zimesimamishwa tu. Sinki liwe ndani ya nyumba, kwenye boksi lake, sio picha kwenye simu. Koki hivyo hivyo. Na kama unaweka lile jiko la gesi la kuzamisha kwenye kaunta basi nalo liwepo, maana tundu lake linakatwa kwa vipimo vya mtengenezaji na majiko mawili yanayofanana kwa macho yanaweza kupishana sentimita tatu kwenye tundu. Fundi atakwambia "hizo saizi tunazijua", mwambie sawa fundi, lakini pima hili hili. Tundu la koki kwa kawaida ni milimita 35, na kama una mpango wa kuweka kakoki kadogo ka maji ya kunywa kutoka kwenye filta, sema sasa hivi litobolewe kiwandani, kwa sababu kuja kutoboa baadaye jiwe likiwa limeshakaa ni vumbi, kelele na presha ya kupasuka.

Bomba za maji safi na machafu zijaribiwe kabla. Fungulia maji, acha usiku kucha, asubuhi pitisha mkono kwenye viungio vyote. Ukiona unyevu mdogo tu rekebisha, usiseme utarudi baadaye, baadaye utakuwa unalala chali ndani ya kabati na tochi ya simu mdomoni. Na ubao wa kabati la sinki uwe wa kuvumilia maji, MDF ya kawaida, yaani ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ikilowa inavimba kama andazi na ikishavimba jiwe la juu linakosa pa kukalia sawasawa. Kwa joto na unyevu wa Dar mi ningesema plaiwudi nzuri au ubao mgumu hasa, hata kama kabati zingine ni MDF, hilo moja lisiwe.

Halafu uzito. Graniti ya milimita 20 ni kama kilo 54 kwa mita mraba, ya milimita 30 inapita 80. Tuseme jiko lako ni herufi L, ukuta mmoja mita 3.6, mwingine 2.4, upana sentimita 60. Hiyo ni mita mraba 3.24, yaani kilo 175 hivi kwa jiwe la milimita 20, zimekaa juu ya kabati zako milele. Kwenye hesabu hiyo hiyo angalia kona. Ukipima kila ukuta kivyake unapata mita 6 za urefu lakini kona umeihesabu mara mbili, jiwe halisi ni mita 5.4. Kuna wanaouza kwa mita ya urefu na wanaouza kwa mita mraba, uliza anahesabuje kona, uliza kama bei ina ukingo wa mbele kusuguliwa, ina matundu, ina usafiri na kufunga, au hayo yote yatakuja kama "bosi bado kidogo" siku ya mwisho. Muandikishane hata kwa meseji.

Kwa wale ambao kaunta yao ni ya zege, yaani tofali chini na slabu ya zege juu kama nyumba zetu nyingi, uzito sio shida, shida ni maji. Zege bichi lina maji ndani na likifunikwa na jiwe mapema yale maji yanatafuta njia ya juu, kwenye graniti ya rangi ya mwangaza unaona madoa ya kijivu yasiyofutika. Lipe muda likauke, mwezi ukiweza. Tundu la sinki liachwe wakati wa kumwaga zege kwa kuweka boksi la mbao, sio kuja kubomoa na nyundo baadaye. Na kwenye kubandika, jiwe jeupe litumie gundi nyeupe ya vigae, simenti ya kawaida inaweza kulitia doa.

Sasa urefu kutoka chini, hapa nitakaa kidogo kwa sababu sioni watu wakilisema. Kawaida kaunta inakuwa sentimita 85 mpaka 90 kutoka sakafuni, na wanamaanisha sakafu iliyokwisha, kwa hiyo kama bado hujaweka vigae chini ongeza unene wake na wa udongo wake kwanza, la sivyo utapoteza sentimita tano hivi hivi. Hizo 90 kwa kukata mboga na kuosha vyombo ziko sawa kwa mtu wa kimo cha kati. Lakini kusonga ugali? Weka jiko la gesi juu ya kaunta ya 90, weka sufuria juu ya jiko, sasa wewe unasonga ugali wa watu nane mwiko ukiwa usawa wa kifua, nguvu utaitoa wapi, mabega yatakuua. Mama yangu alikuja kunitembelea, akajaribu siku moja, akashusha sufuria akaenda kusongea uani kwenye jiko la mkaa, akaniambia "mwanangu umejenga jiko la kukaangia mayai". Ndo ukweli. Kama nyumbani kwako ugali ni wa kila siku, sehemu ya jiko ishushwe iwe kwenye 70 na kitu, kipande cha jiwe peke yake, haichukizi machoni na mgongo utakushukuru. Simama pale, shika mwiko, pima kwa mwili wako na wa dada anayekusaidia.

Ukiwa umeshapata urefu angalia soketi. Kama zilikuwa zimewekwa kwa kaunta ya zamani unaweza kukuta jiwe jipya na kile kipande kinachopanda ukutani sentimita kumi vinaziziba. Fundi umeme aje kabla, sio baada. Dirisha pia, kama linafungukia ndani hakikisha halitagonga koki ndefu. Vigae vya ukutani vije baada ya jiwe, maana kuta zetu haziko sawa, tusidanganyane, na ule mwanya kati ya jiwe na ukuta kigae kinaufunika vizuri, halafu silikoni inamalizia.

Jiwe gani? Hapa kwetu ukisema marumaru wengi wanaelewa vigae vya sakafuni, mi nasema jiwe lenyewe la marumaru, lile jeupe lenye mishipa. Ni zuri, sibishi, lakini ni jiwe la chokaa lililopikwa na kubanwa ardhini, ndimu inalila, siki inalila, ukwaju unalila, nyanya inalila. Ukikamulia ndimu samaki pale juu na kusahau dakika chache unakuta alama isiyong'aa na haitoki kwa kufuta, inatoka kwa kusuguliwa upya na mashine. Kwa jiko la pilau, achari na samaki wa kupaka mi nasema hapana, weka marumaru bafuni. Graniti ndo inayovumilia, ni jamii ya yale majabali ya Mwanza unayoyaona yamesimama ziwani, ngumu, kisu hakiichubui. Nyingi tunazouziwa zinatoka India na China, ile nyeusi yenye vimeremeta vya dhahabu wanayoiita Black Galaxy inachimbwa Andhra Pradesh. Nyeusi nyingi, hata hiyo Black Galaxy, kitaalamu sio graniti, ni mawe kama gabro na doleriti, lakini kwa jikoni ni nzuri tu, hazinyonyi mafuta haraka. Zile za mwangaza ndo zinanywa, mafuta na bizari ya manjano vinaacha doa kama hazijapakwa dawa ya kuziba vinyweleo.

Nenda yadi wanakouza mawe mwenyewe, mchana, na chupa ya maji, ndimu, kitambaa cheupe na dawa ya kutoa rangi ya kucha. Watakucheka, wacheke. Dondosha maji kwenye jiwe usubiri robo saa, likibadilika kuwa jeusi pale linanyonya, litahitaji dawa mapema na mara kwa mara. Dondosha ndimu pembeni, ikiacha alama umeuziwa marumaru kwa jina la graniti. Chovya kitambaa kwenye ile dawa ya kucha ufute jiwe jeusi, kitambaa kikitoka na rangi basi limepakwa, acha. Kisha mwagia maji ubao mzima wa jiwe uangalie likikauka, mshipa wa asili unakauka pamoja na jiwe, ufa unabaki na mstari wa maji, na ukipitisha ukucha unakwama. Kama unahitaji mbao mbili za jiwe chagua zilizokaa jirani, zimetoka jiwe moja, rangi zinaendana. Weka alama yako nyuma, piga picha, maana linaloletwa nyumbani sio lazima liwe lile ulilochagua. Hilo nimeliona kwa jirani, sio kwangu, lakini nimeliona.

Yale mawe ya kiwandani ya kwatzi sitayasema sana. Ni mazuri, hayanyonyi, ila yameshikwa na gundi ya plastiki, kwa hiyo sufuria ya kutoka motoni usiyatue juu yake. Na vumbi lake ni baya zaidi, Australia wameyapiga marufuku tangu tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya mafundi walioharibika mapafu. Graniti nayo vumbi lake lina madini hayo hayo ya kwatzi, kwa hiyo usikubali mtu aje na grenda akate kavu jikoni kwako. Kukata kufanyike yadi kwao kwa maji, nyumbani waje kufunga tu. Kikibaki kipande cha kurekebisha, nje, kwa maji, na fundi avae barakoa ya maana, sio kitambaa. Kama una mtoto mwenye pumu siku hiyo mpeleke kwa bibi.

Uliza pia viungo vya jiwe vitakaa wapi. Kwenye L kiungo cha kona kinakubalika, katikati ya sinki hapana, pale mbele ya tundu la sinki panabaki ukanda mwembamba na ndo penye udhaifu kuliko kote, jiwe likivunjika linavunjikia hapo. Pembe za ndani za tundu ziwe za mviringo kidogo, pembe kali ndo mwanzo wa ufa. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke kinu cha kutwangia vitunguu swaumu karibu na sinki wala usipande kusimama pale kubadilisha taa. Na kama unataka ile sehemu ya kukaa na stuli jiwe likitokeza hewani, likipita sentimita 20 dai vyuma vya kulishika chini, usisubiri mtoto alikalie.

Siku yenyewe njia iwe wazi. Pima mlango na ule mkato wa koridoni, kipande cha mita 2.4 hakikunji kona kama godoro. Lisafirishwe limesimama kwa ubavu, hata kwenye kirikuu, likilazwa linakatika na shimo la kwanza la barabara. Watu wanne, sio wawili na mlinzi. Kabla hawajaondoka weka pimamaji wewe mwenyewe, mwaga maji kikombe kimoja uone yanakwenda wapi, yakienda ukutani waambie warekebishe saa hiyo hiyo gundi haijashika. Baki na deni mkononi mpaka hapo. Silikoni iache masaa 24 kabla ya kulowesha, na kwa siku hizo mbili tatu panga utapikia wapi, mi nilisahau kabisa nikaishia kununua chipsi mayai mpaka watoto wenyewe wakachoka.

Kitu cha mwisho, kile kipande kinachotoka kwenye tundu la sinki ni chako, umeshakilipia. Wangu walishakipakia kwenye gari, nikakidai, wakasugua kingo palepale uani kwa maji, na ndo kibao changu cha kusukumia chapati, hakitikisiki hata unga ukiwa mgumu vipi.