Usiku Mmoja Nairobi: Namna ya Kuutumia Ukingoja Ndege ya Kesho

Abiria wengi wa Dar es Salaam, Zanzibar, Bujumbura au Lubumbashi wanaopitia Nairobi hujikuta na saa kumi, hata kumi na tano, kati ya ndege iliyowaleta na ile itakayowapeleka mbele. Wako wanaozimaliza kwenye viti vya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, wamejikunyata kwa baridi. Wako pia wanaokimbilia katikati ya jiji saa moja jioni, wakanasa barabarani, wakala kwa haraka, kisha wakarudi uwanjani bila hata lepe la usingizi. Wote wamepoteza. Nairobi ya usiku mmoja ina mpango wake: lala upande wa uwanja, matembezi yaweke alfajiri na asubuhi, na uchague jambo moja tu la kufanya.

Kwanza hesabu saa

Saa zilizo kwenye tiketi sizo ulizo nazo. Toa saa moja ya kushuka, foleni ya uhamiaji na kusubiri begi. Toa saa tatu za kurudi uwanjani kabla ya ndege ya kimataifa. Toa saa moja ya kwenda na saa moja ya kurudi barabarani. Hizo tayari ni sita. Mwenye saa nane amebakiwa na mbili, na hizo hazifai kitu nje ya uwanja. Mwenye saa kumi hadi kumi na mbili atafute kitanda karibu, alale vizuri. Kuanzia saa kumi na nne, ikiwa sehemu yake ni mchana, ndipo unaweza kuuona mji.

Saa tatu za kurudi zisikufanye ucheke. Kwenye lango la kuingilia eneo la uwanja, magari husimamishwa: abiria hushuka, hupita kwenye mashine ya ukaguzi kwa miguu, na dereva huwachukua upande wa pili. Mlangoni mwa jengo mabegi hukaguliwa tena, kisha kuna kaunta ya ndege, uhamiaji, na ukaguzi wa mwisho. Jioni ndege nyingi zinapoondoka karibu karibu, kila kituo kati ya hivyo kina foleni yake.

Mtego mwingine uko kwenye namba. Tiketi iliyoandikwa 00:30 tarehe 15 ni saa sita na nusu ya usiku unaoanza jioni ya tarehe 14. Watu huikosa ndege hiyo kwa siku nzima kwa sababu walisoma tarehe wakasahau usiku. Vilevile 02:00 ni saa nane usiku, si saa mbili. Nairobi utasikia watu wakitaja saa kwa namba za Kiingereza katikati ya Kiswahili, kwa hiyo ukipatana na dereva, taja saa kwa njia zote mbili: "saa kumi na moja alfajiri, yaani 05:00." Wanaotoka Bujumbura, Kigali na Lubumbashi wasogeze saa mbele kwa saa moja wakishatua.

Karatasi na mizigo

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, isipokuwa Somalia, huingia Kenya bila viza na bila kile kibali cha mtandaoni kiitwacho eTA. Wakongo waliondolewa viza mwaka 2023. Wasomali na wasiokuwa raia wa Jumuiya waangalie tovuti rasmi ya eTA kabla ya kununua tiketi, kwani masharti kwa nchi za Afrika yalilegezwa mwaka 2025; anayetakiwa kuwa nacho aombe angalau siku tatu kabla. Abiria anayebaki ndani ya uwanja bila kupita uhamiaji hakihitaji.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ibebe kwenye begi la mkononi, pamoja na pasipoti. Wengi huifikiria kwa ajili ya kuingia Kenya, na tatizo huwakuta wanakokwenda: Afrika Kusini na Tanzania, kwa mfano, humdai kadi msafiri aliyepitia nchi yenye hatari ya ugonjwa huo kwa zaidi ya saa 12, hata kama hakutoka uwanjani. Kulala Nairobi kunakuvusha saa hizo bila wewe kujua. Chanjo huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo ya juzi haisaidii. Ukishachanjwa, kadi hudumu maisha yako yote.

Uliza swali moja kaunta ya mwanzo wa safari: begi linakwenda moja kwa moja hadi mwisho? Kisha soma mwenyewe kikaratasi kilichofungwa kwenye mpini. Kikiandikwa NBO kama kituo cha mwisho, begi lako litakungoja Nairobi na ni lazima ulichukue. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali kwa kawaida huleta hali hiyo. Begi likienda moja kwa moja, hutaliona hadi mwisho wa safari. Basi dawa, chaja, nguo ya kubadilisha na sweta vikae nawe.

Sweta si pambo. Uwanja uko mita 1,600 na kitu juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Anayetoka pwani na shati la mikono mifupi atatetemeka. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, ukiwemo ule wa dukani uwanjani. Hamishia vitu kwenye mfuko wa nguo kabla ya kutoka.

Kitanda

Kabla ya kulipa chochote, liulize shirika la ndege kama linakulaza. Baadhi huwapa hoteli abiria ambao hawana ndege ya mapema zaidi ya kuunganisha, ila tiketi iwe moja, na mara nyingi ni lazima kuomba kabla ya siku ya safari. Ukiuchagua mwenyewe usiku huo ilhali ndege ya mapema ilikuwepo, usitarajie.

Ukijilipia, tafuta kwenye eneo la uwanja lenyewe au kando ya Mombasa Road. Four Points na Crowne Plaza ziko karibu kabisa na uwanja. Ole Sereni iko mbele kidogo kuelekea mjini, na baraza lake linatazama Mbuga ya Taifa ya Nairobi, jambo ambalo kwa mwenye asubuhi fupi lina thamani: unaweza kunywa chai huku unatazama nyika. Zipo pia nyumba za wageni za bei nafuu Embakasi na Syokimau. Kabla ya kulipa nafasi, uliza mambo matatu: gari la kukuchukua uwanjani lipo, hata usiku wa manane? Kifungua kinywa huanza saa ngapi? Begi litahifadhiwa nikishatoka chumbani?

Westlands na Kilimani zina hoteli nzuri na maisha ya usiku, lakini kwa usiku mmoja zinakudai barabara mara mbili. Zichague tu ikiwa ndege yako ni ya mchana wa kesho au baadaye.

Barabara

Toka 2022 kuna barabara ya juu ya kulipia, Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, yenye kituo cha uwanja wa ndege. Tangu Januari 2024 gari dogo hutozwa kati ya shilingi 170 na 500 kufuatana na umbali. Bodaboda na tuktuk haziruhusiwi. Mwambie dereva mapema kama mnapita juu, na mkubaliane nani analipa. Kwa kawaida ni abiria, na watu wengi hugombana kwa sababu hawakusema.

Chini, kwenye Mombasa Road, magari hujaa asubuhi yakiingia mjini na jioni yakitoka, kwa maana maelfu ya wafanyakazi hulala Syokimau, Kitengela na Athi River. Elewa maana yake kwako: kutoka mjini kwenda uwanjani asubuhi unakwenda kinyume cha msongamano, ni rahisi. Jioni uko nao njia moja. Mwenye ndege ya saa mbili usiku aondoke katikati ya jiji saa tisa na nusu mchana, na Ijumaa au siku ya mvua atangulie zaidi.

Gari liite kwa programu ya simu: Uber, Bolt au Little. Hadi katikati ya jiji aghalabu ni kati ya shilingi 1,000 na 2,000, na dola moja ni takriban shilingi 130. Dereva atakupigia akiuliza unakwenda wapi na unalipa kwa pesa taslimu au M-Pesa. Mjibu, asije akaghairi. Linganisha namba ya gari kabla ya kuingia: ya Kenya ina herufi tatu zinazoanza na K, tarakimu tatu, kisha herufi moja. Matatu, yaani daladala za huku, za namba 34 hufika uwanjani kwa bei ndogo sana, lakini ukiwa na mizigo na giza limeingia, ziache. Na simu usiishike karibu na dirisha lililo wazi.

Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti kwenye vibanda vya ukumbi wa kuwasili. Ukiwa na M-Pesa ya Kenya umerahisishiwa kila kitu, kuanzia teksi hadi mahindi ya kuchoma. Bila hiyo, badilisha dola 20 au 30 uwanjani ukitaka noti ndogo ndogo, na sehemu kubwa lipa kwa kadi.

Asubuhi: mbuga au makumbusho

Mfano ni abiria aliyetua saa mbili usiku, na ndege yake ni saa nane mchana wa kesho. Saa tatu yuko hotelini, anakula na kulala. Chaguo bora alilonalo ni mbuga.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilifunguliwa Desemba 1946, ina kilomita za mraba 117, na milango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Simba, vifaru, twiga na nyati wapo, na nyuma yao majengo ya jiji. Tembo hakuna, anayekuahidi tembo hapo anakudanganya. Agiza gari usiku uliotangulia, la kukaa nawe saa tatu nzima ndani, kwa sababu teksi ya kukushusha getini haikusaidii. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Novemba, dai gari la magurudumu manne yenye nguvu: udongo wa nyika ile ni mweusi wa mfinyanzi, ukilowa hushika tairi kama ulimbo.

Malipo hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, si taslimu getini, kwa hiyo yamalize usiku ukiwa na intaneti ya hoteli, na ubebe pasipoti: raia wa Afrika Mashariki hutozwa kidogo kuliko wageni wengine, ila athibitishe. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani tangu Juni 2020, hivyo chukua ya chuma.

Toka hotelini saa kumi na moja na dakika arobaini. Kupitia Southern Bypass hadi Lang'ata Road, alfajiri si mbali. Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na saa mbili za kwanza ndizo za simba. Joto likipanda hujilaza majanini. Pita kwenye eneo zilipochomwa pembe za ndovu: tani 12 mwaka 1989 mbele ya Rais Moi, na tani 105 Aprili 2016. Saa tatu asubuhi geuza gari. Saa tano uwe uwanjani.

Mvua ikiharibu mpango, shika barabara ya juu hadi kituo cha Museum Hill, karibu kabisa na Makumbusho ya Taifa, yanayofunguliwa saa mbili na nusu. Nenda moja kwa moja kwenye mifupa ya yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale, iliyogunduliwa 1984 na yenye umri wa takriban miaka milioni moja na nusu. Saa moja na nusu inatosha.

Usijaribu kuunganisha mbuga, twiga wa Lang'ata na Sheldrick, kituo cha kulelea watoto wa tembo yatima, asubuhi moja. Sheldrick hupokea wageni saa tano hadi saa sita mchana tu, tena kwa nafasi iliyowekwa mapema. Inamfaa mwenye ndege ya jioni.

Chakula

Nyama choma ina kanuni yake. Inapimwa mbichi kwa kilo, unachagua kipande mwenyewe, mbavu au paja, kisha inakaa motoni dakika 45 hadi saa nzima. Anayeharakisha huletewa nyama ngumu iliyoungua nje. Piga simu kabla, taja kilo na saa ya kufika. Kilo moja ya mbuzi huwatosha watu wawili au watatu wakiongeza ugali na kachumbari. Kenyatta Market inajulikana sana kwa hili mchana. Asiyekuwa na saa hiyo ale chapati na madondo, yaani maharage.

Ukiagiza chai bila kueleza, italetwa ya maziwa. Ya bila maziwa iite chai ya rangi, au strungi wakikutazama bila kuelewa. Shikamoo yako haitamkera mtu, ila usishangae ikikosa marahaba: hapa "habari yako" humfaa mkubwa na mdogo. Usiku wa kuamkia safari kula chakula kilichopikwa moto mbele yako, na mutura wa barabarani, yaani utumbo uliojazwa nyama, hata ukinukia vipi, uuache kwa siku isiyo na ndege kesho yake.