Namna ya Kutambua Makala za Dickens Zilizochapwa Gazetini Bila Jina

Charles Dickens alilelewa na magazeti kabla ya kulelewa na riwaya. Mwaka 1834 aliajiriwa na Morning Chronicle kama ripota, na hata baada ya vitabu kumpa utajiri aliendelea kuwapelekea wahariri makala ambazo hazikubeba jina lake. Hakuwa anajificha. Gazeti la Uingereza la enzi za Malkia Victoria lilizungumza kwa "sisi", na kila aliyeliandikia alimezwa na "sisi" hiyo, awe kijana anayetafuta kodi ya chumba au mwandishi anayesomwa kuliko wote nchini. Kazi ya mtafiti ni kumtoa mtu mmoja ndani ya "sisi" hiyo bila kumsingizia maneno ambayo si yake.

Mfano nitakaoutumia ni The Examiner, gazeti la kila wiki la London, ambalo Dickens aliliandikia hasa mwaka 1848 na 1849, rafiki yake John Forster alipokuwa mhariri. Nimelichagua kwa sababu linamlazimisha mtafiti kutumia kila aina ya ushahidi, na pia kwa sababu limewahi kumkosesha mtu aliyemjua Dickens vizuri kuliko mimi. Hatua zimepangwa kwa makusudi: ushahidi ulio nje ya makala unatangulia, mtindo unafuata, kompyuta inakuja nyuma kabisa. Wengi huanza na mtindo kwa kuwa ndio unaofurahisha, na wakishaisikia sauti ya Dickens mara moja hawaachi tena kuisikia.

Hatua ya kwanza: tengeneza kalenda ya mwandishi

Kabla ya kufungua gazeti, orodhesha wiki kwa wiki mahali alipokuwa mwandishi na kazi iliyokuwa mezani pake. Kwa Dickens chombo kikuu ni toleo la barua zake linalojulikana kwa jina la Pilgrim, lenye juzuu 12 zilizotoka kati ya 1965 na 2002, ambamo mna barua zaidi ya 14,000. Humo tafuta sentensi ndogo ndogo zisizo na fahari: kwamba ametuma kitu, kwamba anasubiri nakala ya kusahihisha, kwamba jambo fulani limemkasirisha na anataka nafasi gazetini Jumamosi ijayo.

Ujue pia barua hizo zinakosa nini. Mwezi Septemba 1860 Dickens alichoma barua alizokuwa ameandikiwa kwa miaka mingi, akizirundika uwanjani nyumbani kwake Gad's Hill, kwa hiyo kwa kawaida tunamsikia yeye tu na si aliyekuwa akimjibu. Forster naye, alipoandika wasifu wa rafiki yake uliotoka kati ya 1872 na 1874, alizikata kwa mkasi barua alizokuwa nazo, akabandika vipande katika muswada wake. Barua nyingi za Dickens kwa Forster zimebaki kwetu kama alivyozinukuu mwenyewe, mara nyingine bila tarehe kamili. Tarehe ambayo Forster ameikisia isiingie kwenye kalenda yako kwa wino uleule wa tarehe iliyoandikwa na Dickens.

Kalenda ikikamilika huanza kusema yenyewe. Riwaya yake ya Dombey and Son, iliyokuwa ikitoka kila mwezi, iliisha Aprili 1848. David Copperfield ilianza Mei 1849. Katikati kuna mwaka mzima ambao Dickens hakuwa na sehemu ya riwaya ya kukabidhi kila mwezi, na sehemu kubwa ya makala zake za The Examiner zinaangukia hapo hapo. Hilo halithibitishi makala yoyote, lakini linakuonyesha mahali pa kutafuta, na linakuonya kuwa orodha yenye makala nyingi za wakati alipokuwa amebanwa na riwaya inahitaji maelezo.

Hatua ya pili: fuata fedha na daftari

Mwandishi asiyetajwa hulipwa, na malipo huandikwa. Dickens alipoanzisha jarida lake la Household Words, lililotoka kuanzia Machi 1850 hadi Mei 1859, kila ukurasa ulitamka kuwa jarida linaendeshwa na Charles Dickens, huku waandishi wengine wakiwa hawatajwi. Inasimuliwa kuwa mwandishi Douglas Jerrold alitania kwamba jarida hilo halikukosa jina, bali lilikuwa na jina moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo msaidizi wa Dickens, W. H. Wills, alitunza daftari la ofisi lenye majina ya waandishi na kiasi walicholipwa. Daftari hilo limehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Princeton, na Anne Lohrli alilichapisha kwa uchambuzi mwaka 1973. Swali lililoweza kuwashughulisha watu miaka mingi hujibiwa kwa mstari mmoja wa hesabu.

Jarida lililofuata, All the Year Round, lilikosa bahati hiyo mpaka mwaka 2015, ilipotangazwa kuwa Jeremy Parrott, muuzaji wa vitabu na mwanataaluma, amepata seti iliyojalidiwa yenye majina ya waandishi yaliyoandikwa kwa penseli pembeni mwa makala. Kwa hiyo kabla ya kujenga hoja ndefu, uliza kama kuna nakala ya ofisini iliyotiwa alama. Jarida la Athenaeum, kwa mfano, linayo.

Usitarajie msaada huo kutoka Wellesley Index. Fahirisi hiyo ya juzuu 5, iliyoanza kutoka mwaka 1966 chini ya uhariri wa Walter Houghton, ni hazina kwa majarida makubwa ya kila mwezi na ya kila robo mwaka, lakini magazeti ya kila wiki kama The Examiner hayamo. Kwa The Examiner mahali pa kwanza pa kuuliza ni nyaraka za Forster, ambazo kwa wosia wake zilikwenda mwaka 1876 kwenye jumba la makumbusho la South Kensington, ambalo leo ni Victoria and Albert Museum.

Hatua ya tatu: soma toleo zima, si makala moja

Tangu Novemba 2011 hifadhi ya mtandaoni iitwayo British Newspaper Archive imemwezesha mtu aliye Mombasa au Kigoma kusoma kurasa ambazo zamani zilihitaji safari ya London. Shida ni kwamba maneno unayoyatafuta yamesomwa na mashine kutoka kwenye karatasi chakavu, na mashine hukosea. Tafuta neno kwa tahajia kadhaa zilizoharibika, na usimalize kazi bila kuitazama picha ya ukurasa.

Jambo kubwa zaidi ni makala kuchapwa upya. Magazeti ya mikoani yaliishi kwa mkasi na gundi: yalikata habari za London na kuzichapa upya, mara nyingine bila kusema zimetoka wapi. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilikaa wiki tatu nikiamini nimepata makala isiyojulikana katika gazeti moja la kaskazini mwa Uingereza. Nilikuwa nimekwisha kuandika aya ya kwanza ya tangazo langu nilipoikuta makala ileile, neno kwa neno, katika gazeti jingine lililotangulia kwa siku nne, ikiwa na herufi za kwanza za jina la mtu mwingine kabisa. Tangu siku ile, kitu cha kwanza ninachofanya nikipata makala ni kuchukua sentensi tatu zisizo za kawaida na kuzitafuta katika magazeti yote ya wiki mbili zilizotangulia.

Soma pia kilicho jirani ya makala: nani mwingine alikuwa akiandika juu ya jambo hilo wiki hiyo, na kama gazeti lilikuwa na mtu wake maalumu wa safu hiyo. Jibu la swali hilo la mwisho lina uzito mkubwa, kama tutakavyoona.

Hatua ya nne: pima ushahidi wa ndani, kisha upunguze uzito wake

Tuchukue makala iitwayo "The Paradise at Tooting", iliyotoka katika The Examiner tarehe 20 Januari 1849. Huko Tooting, nje kidogo ya London, mtu aitwaye Drouet alilipwa na parokia za jiji ili atunze watoto maskini, na alikuwa nao karibu 1,400. Kipindupindu kilipoingia katika nyumba hiyo iliyojaa kupita kiasi, watoto zaidi ya 150 walikufa. Makala inaanza kwa kejeli ya kichwa chake, kwani hiyo "paradiso" ni nyumba ya mauti, na inaishia kwa shutuma zinazorundikwa moja juu ya nyingine: kwamba mahali hapo paliendeshwa kikatili, palitunzwa vibaya, palikaguliwa kipuuzi na palitetewa bila uaminifu. Wiki moja baadaye ilifuata "The Tooting Farm", na tarehe 21 Aprili, Drouet alipoachiliwa katika kesi ya kuua bila kukusudia, ikatoka "The Verdict for Drouet".

Anayemfahamu Dickens husikia sauti yake hapo mara moja, na safari hii sikio halikosei. Hata hivyo jiulize sikio limesikia nini hasa. Kejeli? Albany Fonblanque, aliyekuwa mhariri kabla ya Forster, alisifika kwa kejeli, na gazeti zima lilikuwa limeizoea. Huruma kwa watoto wa maskini? Mwaka 1849 hisia hiyo ilikuwa ya wengi. Kilicho karibu zaidi na alama ya mtu ni muundo wa sentensi ya mwisho, ambamo kielezi na kitenzi hurudiwa kwa mdundo uleule mpaka msomaji akose pumzi. Lakini hata huo unaweza kuigwa na rafiki anayemsoma kila siku.

Halafu kuna kufanana na riwaya. Katika Bleak House, iliyotoka kati ya 1852 na 1853, yumo mtumishi wa kike aitwaye Guster, mwenye kushikwa na kifafa, aliyekulia Tooting kwa mfadhili anayetajwa kwa dhihaka ileile. Ushahidi wa namna hii huonekana mtamu, ila uangalie umeelekea wapi. Riwaya ikitoka baada ya makala, mwandishi wa riwaya anaweza kuwa alisoma tu gazeti kama watu wengine; ikitoka kabla, mwandishi wa gazeti anaweza kuwa alimwiga. Kufanana ninakokuthamini ni kule kati ya makala na barua ya faragha ambayo haikuchapwa mpaka miaka mingi baadaye, kwa kuwa hapo mwigaji hana pa kuigia. Vitu vingine ninaviandika katika safu ya pili ya daftari langu na kuviacha vikae humo.

Sasa lile kosa nililolitaja. Mwaka 1908 B. W. Matz, mtaalamu wa Dickens, alikusanya makala za Dickens zilizotawanyika na kuzichapa kwa jina la Miscellaneous Papers. Ilikuwa kazi kubwa, na mengi aliyoyasema yamesimama. Miongoni mwake aliweka tahakiki ya tamthilia iliyotoka katika The Examiner tarehe 4 Februari 1838, inayomsifu mwigizaji Macready kwa kurudisha jukwaani King Lear ya Shakespeare yenyewe badala ya ile iliyokuwa imegeuzwa. Kila kitu kilifaa: Macready alikuwa rafiki wa Dickens, Shakespeare alikuwa mapenzi yake, na Kiingereza cha tahakiki hiyo ni kizuri. Zaidi ya nusu karne ilipita kabla ya mtafiti W. J. Carlton kuonyesha kuwa mwandishi alikuwa Forster. Forster ndiye aliyekuwa mhakiki wa tamthilia wa gazeti hilo, naye pia alikuwa rafiki wa Macready, naye pia alimpenda Shakespeare. Ushahidi wa ndani ulikuwa unaelekeza kwenye kundi la marafiki, si kwa mtu mmoja.

Kwa sababu hiyo, kila hoja ya mtindo unayoiandika iwekee mbele majina mawili ya watu wengine ambao wangeweza kuandika vilevile, na ueleze kwa nini si wao. Ukishindwa, ipunguze.

Hatua ya tano: tumia kompyuta kwa kiasi chake

Vipimo vya kisasa vya mtindo haviangalii maneno ya kuvutia, bali yale madogo ambayo mwandishi hayafikirii: viunganishi, vihusishi, viwakilishi. Njia iitwayo Delta, iliyopendekezwa na John Burrows mwaka 2002, huhesabu maneno yanayojirudia zaidi na kupima umbali kati ya maandishi na maandishi. Programu ya bure iitwayo stylo, inayoendeshwa ndani ya lugha ya kompyuta iitwayo R, hufanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Ugumu hauko kwenye programu, uko kwenye unachoilisha. Usilinganishe makala ya gazeti na riwaya, kwa sababu mazungumzo ya wahusika hubadilisha hesabu yote. Tumia makala nyingine za Dickens zenye uhakika, na weka Forster na Fonblanque kama wapinzani wake. Sahihisha makosa ya mashine ya kusoma kwa mkono, na uondoe nukuu ndefu za ripoti na barua za watu wengine, ambazo katika makala za The Examiner ni nyingi. Makala yenye maneno chini ya 2,000 mimi siitegemei, hata grafu ikitoka safi namna gani. Isitoshe, Delta itakutajia aliye karibu zaidi miongoni mwa uliowaweka mezani. Kama mwandishi halisi hayumo, bado itakupa jina.

Hatua ya sita: toa hukumu kwa daraja

Katika orodha yangu kuna madaraja manne. La kwanza ni la makala zenye hati: muswada, daftari la malipo, au barua inayoitaja makala yenyewe. La pili ni la makala ambazo kalenda na barua zinazielekea bila kuzitaja, na hakuna mpinzani aliyebaki. La tatu lina ushahidi wa ndani peke yake. La nne ni la makala zenye mikono miwili, jambo la kawaida kwa mwandishi aliyekuwa na mhariri rafiki, na ambaye mwenyewe, alipokuwa mhariri, aliandika upya kazi za wengine bila kusita. Hapo ninataja aya ninazozishuku badala ya makala nzima. Kando ya kila makala ninaandika tarehe niliyoipa daraja lake na sababu yake kwa sentensi moja, ili barua ikijitokeza kesho nijue ni nguzo ipi ya kung'oa. Tahakiki ile ya 1838 nayo sikuifuta: imebaki katika orodha, jina la Forster likiwa mbele yake, kwa kuwa mtu mwingine ataisoma siku moja na kusikia sauti ya Dickens.