Somo: Namna ya kuitazama Die Nibelungen, filamu bubu ya mwaka 1924

Filamu hii iliongozwa na Fritz Lang kwa mswada wa Thea von Harbou, aliyekuwa mkewe wakati huo, na sehemu zake mbili zilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin mwezi Februari na mwezi Aprili 1924. Chimbuko lake ni Nibelungenlied, utenzi wa Kijerumani uliotungwa karibu na mwaka 1200 na mtunzi asiyejulikana jina, wenye beti zaidi ya 2,300. Watazamaji wengi huiacha baada ya nusu saa, na wengine humaliza sehemu ya kwanza, Siegfried, kisha wakadhani wameiona filamu. Mimi nashikilia kwamba mwenye hadithi hii si Siegfried bali ni Kriemhild, mjane wake, na hatua zifuatazo nimezipanga ili mtazamaji afike sehemu ya pili akiwa bado macho.

Hatua ya kwanza ni kuchagua nakala, na hapa ndipo wengi huharibikiwa kabla hawajaanza. Tafuta nakala iliyokarabatiwa na Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung, taasisi ya Kijerumani ya kuhifadhi filamu, mwaka 2010, ambayo utaitambua kwa rangi yake ya machungwa iliyofifia na kwa muziki wa Gottfried Huppertz, uliotungwa mahsusi kwa ajili ya filamu hii. Sehemu zote mbili kwa pamoja huchukua zaidi ya saa nne na nusu. Ukiona faili linalodai kuwa na hadithi nzima kwa saa moja na nusu, liache. Iache pia nakala ambayo watu wanakimbiakimbia kama kuku walioona kipanga. Si kwamba waigizaji wa zamani walitembea hivyo: filamu bubu nyingi zilipigwa kwa picha chache kwa sekunde kuliko 24 za siku hizi, na zikichezwa kwa kasi ya leo kila mwendo huharakishwa.

Hatua ya pili ni kuwajua watu watano kabla ya kuwasha. Siegfried ni mwana wa mfalme aliyeua joka. Gunther ni mfalme dhaifu wa Waburgundi, anayekaa Worms kando ya mto Rhine. Kriemhild ni dada yake. Hagen ni mtumishi wa Gunther mwenye jicho moja, ambaye uaminifu wake kwa bwana wake ni wa kutisha kuliko uadui wa wengine. Brunhild ni malkia asiyekubali kuolewa ila na mwanamume atakayemshinda kwa nguvu. Ukishawashika hao, hutapotea, kwa sababu mambo yote huzaliwa na udanganyifu mmoja: Siegfried, akiwa amejificha kwa nguvu za uchawi, anamshinda Brunhild kwa niaba ya Gunther, na siri hiyo haikai.

Hatua ya tatu ni kuigawa. Lang mwenyewe aliigawa kila sehemu katika nyimbo saba, yaani sura saba, na kila wimbo hutangazwa kwa kibao cha maandishi, kwa hiyo huna haja ya kukata popote unapochoka. Mimi hutazama kwa usiku minne: nyimbo tatu za mwanzo, kisha nne zilizobaki za sehemu ya kwanza, halafu nne za sehemu ya pili, na mwisho zile tatu za maangamizi, ambazo hazifai kukatizwa hata kwa chai.

Hatua ya nne inahusu vibao vya maneno. Vimeandikwa kwa Kijerumani, kwa herufi za kale, na tafsiri ya chini ya skrini mara nyingi ni ya Kiingereza. Mkiwa kundi, mteueni mmoja avisome kwa Kiswahili kwa sauti. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, ambako msimulizi huizungumza filamu nzima ya kigeni, hatuna sababu ya kuona jambo hili geni. Ila msomaji asiongeze vichekesho vyake, na muziki usizimwe.

Hatua ya tano, ambayo ndiyo kubwa, ni kuangalia maumbo. Katika sehemu ya kwanza, kila kitu kimepangwa kama nakshi ya mlango wa Lamu: askari wamesimama kwa mistari, kuta ni tupu na ndefu mno, mavazi yana michoro ya pembe, na watu husogea polepole kana kwamba adabu ya ikulu imewafunga miguu. Msitu wenyewe ulijengwa ndani ya studio, na mashina yake manene yalitengenezwa kwa mikono. Mtazamaji asiyeambiwa hili huona ubaridi tu. Sasa subiri sehemu ya pili, Kriemhild anapoolewa na Etzel, mfalme wa Wahun (tafadhali usisome wahuni, ingawa Lang amewachora karibu hivyo, na hilo ni doa). Mpangilio wote huvunjika: vumbi, matambara, watu wanaorukiana, moto. Katikati ya fujo hiyo Margarete Schön, anayemwigiza Kriemhild, husimama wima bila kupepesa, kana kwamba ameibeba Worms nzima mwilini mwake. Macho yake ndiyo filamu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Siegfried alioga damu ya joka asidhurike na silaha, isipokuwa pale begani ambapo jani lilimwangukia. Je, huyu si Fumo Liyongo wetu?

Jibu: Marahaba. Mfanano ni mkubwa, na umefanya vema kuuona. Liyongo naye hakuuawa na silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo ilitolewa na mtu wa nyumbani. Tofauti iko kwa mtoaji wa siri: mwana wa Liyongo alijua anachokifanya, kwa sababu alikuwa ameahidiwa malipo, ilhali Kriemhild alimshonea mumewe alama mahali penyewe akiamini kwamba Hagen atamlinda, kumbe Hagen ndiye aliyemwua. Kisasi chake chote, kwa maoni yangu, kina kiasi fulani cha kujilaumu ambacho hakitamki kamwe.

Swali: Wanangu walilicheka lile joka. Nifanyeje?

Jibu: Waache wacheke, kisha waambie kwamba lilikuwa mtambo mkubwa ulioendeshwa na watu waliojificha ndani yake. Wangu walirudia kipande hicho mara tatu. Sehemu ya pili usiwaonyeshe, kwa maana mna mauaji ya mtoto.

Swali: Ni kweli kwamba Wanazi waliipenda filamu hii?

Jibu: Ni kweli, na mwaka 1933 Siegfried ilitolewa tena ikiwa imefupishwa na kuongezewa sauti na muziki wa Wagner. Sehemu ya pili haikuwafaa vile, kwa kuwa huonyesha ukoo mzima ukiteketea kwa sababu ya kukataa kumtoa mwuaji mmoja. Lang aliondoka Ujerumani mwaka huo huo. Harbou alibaki na kujiunga na chama chao. Angalia pia jinsi kibeti Alberich, mlinzi wa hazina, alivyochorwa. Wahakiki wengi wameona humo kejeli dhidi ya Wayahudi, nami naona wana hoja.

Swali: Je, mambo haya yalitokea?

Jibu: Ufalme wa Waburgundi uliangamizwa na Wahun karibu na mwaka 436, na Etzel ni Attila, aliyefariki mwaka 453. Lakini Attila hakuliongoza shambulio lile. Watunzi ndio waliowakutanisha.

Swali: Nikikosa muda, naweza kuanza na sehemu ya pili?

Jibu: Unaweza, lakini kwanza tazama wimbo wa tano wa sehemu ya kwanza, pale malkia wawili wanapogombana kwenye ngazi za kanisa juu ya nani atangulie kuingia.