Somo: Kumjua jogoo na mtetea siku ya kwanza, na kwa nini jogoo wako hana kosa

Assalam aleikum wanakundi. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara tano: "Jogoo wangu anatoa majogoo matupu, nimchinje?" Usimchinje. Naandika mara moja, kwa urefu, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa hapa.

Kromosomu ni nyuzi ndogo mno ndani ya seli zilizobeba jeni, yaani maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Huja jozi jozi, moja ya baba, moja ya mama. Mtu ana 46, mbuzi 60, punda 62, kuku 78. Jozi moja kati ya hizo ndiyo inayoamua dume au jike, nazo kromosomu za jozi hiyo tunaziita kwa herufi: X, Y, Z na W.

Hatua ya 1. Jua mnyama wako yuko upande gani. Mbuzi, punda, paka, ng'ombe na sisi wenyewe: jike XX, dume XY. Kuku, bata, njiwa na kanga: dume ZZ, jike ZW.

Hatua ya 2. Mtafute mwenye jozi isiyofanana. Huyo ndiye mwamuzi. Mbuzi jike hana cha kutoa ila X. Beberu hutoa X au Y. Kwa kuku mambo yamegeuka: jogoo hutoa Z tu, mtetea ndiye anayetoa Z au W. Kiini cha yai huwa kimeshachukua mojawapo kabla mbegu ya jogoo haijakifikia.

Hatua ya 3. Chora jedwali la vyumba vinne, Z na Z za baba juu, Z na W za mama ubavuni. Utapata nusu kwa nusu. Lakini kila yai ni kura yake: kwenye vifaranga kumi, kupata majogoo manane au zaidi hutokea kama mara 5 katika kila 100, kwa bahati tu.

Hatua ya 4. Chagua wazazi. Hapa tulia usome mara mbili, maana mimi niliharibu hapa na jirani yangu akaumia.

Jeni ya mistari meupe na meusi ya kuku aina ya Plymouth Rock imekaa ndani ya Z. Kwenye W haipo. Basi MAMA awe wa mistari, BABA awe mwekundu mtupu (Rhode Island Red anafaa sana) au mweusi mtupu. Mtetea ana Z moja tu, nayo huenda kwa mtoto wa kiume, ndiye atokaye na doa jeupe utosini. Binti hupata W ya mama na Z ya baba isiyo na mistari. Mimi nilipindua. Nilikuwa na jogoo wa mistari, nikamweka na mitetea wekundu, wakatoka vifaranga 22, kila mmoja na doa jeupe utosini. Nikamwambia jirani wa kijiji cha Hindi, huku kwetu Lamu, kwamba ni majogoo watupu. Akachukua 18, akawalisha miezi akitarajia kuwauza Idd, na karibu nusu yao wakaanza kutaga. Baba alikuwa amegawa mistari kwa wote, wa kike kwa wa kiume. Nilimrudishia fedha zote, na mpaka leo nikimwona jetini Mokowe naona haya.

Kwa hiyo: usitumie jogoo wa mistari. Usitumie jogoo mweupe, weupe unaweza kuficha rangi nyingine. Na vifaranga hao chotara wakikua usiwafanye wazazi ukategemea doa tena, kwa kizazi cha pili doa halisemi kitu.

Hatua ya 5. Subiri manyoya yakauke, toka nao juani, tazama utosi. Mweusi mwenye doa jeupe ni jogoo. Utosi mweusi mtupu ni mtetea. Fanya siku ile ile ya kwanza.

Hatua ya 6. Mfunge kila mtetea uzi mguuni, uwe alama yake.

MASWALI

Mfugaji wa Shela: Jogoo wangu anatoa majogoo tu. Nibadilishe?
Jibu: Hatua ya 2.

Mfugaji wa Shela: Sina muda wa kusoma yote, niambie ndiyo au hapana.
Jibu: Hapana.

Bint Mkomani: Mwalimu, paka wa rangi tatu hapa mjini, nimewachunguza tangu utotoni, wote majike. Ni mambo haya haya?
Jibu: Umeona vizuri sana dada. Jeni ya rangi ya chungwa iko kwenye X. Jike ana X mbili, moja inaweza kubeba chungwa na nyingine nyeusi. Katika kila seli X moja hulazwa, nyingine ikabaki macho. Jambo hili alilieleza mwanasayansi Mary Lyon mwaka 1961. Pale ilipobaki macho X ya chungwa pana baka la chungwa, kwingine jeusi. Nyeupe inatoka kwa jeni nyingine kabisa. Dume ana X moja, kwa hiyo rangi moja kati ya hizo mbili. Ukimpata dume wa rangi tatu, mara nyingi huwa XXY, na kwa kawaida hazai.

Kuku Biashara: Nikipandisha joto la mashine ya kutotolesha mayai si nitapata mitetea wengi?
Jibu: Utapata mayai yaliyokufa. Weka nyuzi 37.5 na uiache.

Kijana wa Kiunga: Lakini kasa tunaambiwa ni joto. Mbona wao hivyo?
Jibu: Swali zuri. Kasa na ng'amba hawana kromosomu za jinsia. Mchanga ukiwa karibu na nyuzi 29 hutoka mchanganyiko. Ukizidi joto huwa majike, ukipoa huwa madume. Mtu wa kwanza kuliona jambo hili kwa wanyama watambaao alikuwa mtafiti Charnier, Dakar, Senegal, mwaka 1966, kwa mjusi. Kwa hiyo miti ya ufukweni msiikate. Kivuli chake kinaingia mpaka ndani ya yai.

Mama Wanne: Nina mabinti wanne. Mama mkwe ananisema kila siku.
Jibu: Pole sana dada yangu. Wewe huna Y ya kumpa mtoto. Mwanasayansi Nettie Stevens alihesabu kromosomu mwaka 1905 kwa mbawakawa wa unga: jike ana kromosomu kubwa 20, dume kubwa 19 na moja ndogo, na ile ndogo huja na mbegu ya baba. Kwa binadamu ni hivyo hivyo, X au Y hutoka kwa baba. Naye baba hachagui, kwa hiyo hata yeye asilaumiwe. Mchoree mama mkwe jedwali la hatua ya 3 kwa XX na XY, mkae nalo pamoja. Nami nipo tayari kuja kumweleza.

Ami wa Matondoni: Uzi gani usiomkata mguu?
Jibu: Wa sufu, na uulegeze kila wiki.

Bint Mkomani: Mie hupaka rangi ya kucha, kidole cha kati mguu wa kulia. Yakaa siku nne, tano, halafu narudia.
Jibu: Ahsante, naanza kesho. Uzi ulishanikatia kifaranga mmoja mguu.