Mfumo wa neva: tukanyage mwiba, tuufuate ujumbe

Ukianza somo hili kwa kukariri majina ya seli, utayasahau kabla wiki haijaisha. Chagua ujumbe mmoja uufuate njia nzima. Leo tumekanyaga mwiba.

Hatua ya 1: Chora ramani. Chora ubongo, na ugwe mgongo ukishuka kutoka humo. Hivyo viwili ni mfumo mkuu wa neva. Usichanganye ugwe na uti: uti wa mgongo ni mifupa, ugwe ni kamba laini iliyohifadhiwa ndani yake. Neva zinazochomoza, jozi 12 za kichwani na jozi 31 za kwenye ugwe, ni mfumo wa pembeni. Ramani inatosha.

Hatua ya 2: Ijue nyuroni. Hii ndiyo seli inayobeba ujumbe, na ubongo una takriban bilioni 86. Ina kiwiliwili chenye kiini, matawi ya kupokea yaitwayo dendraiti, na uzi mmoja wa kupeleka, aksoni. Kiwiliwili hakionekani bila hadubini, lakini aksoni ya kutoka chini ya mgongo hadi kidole gumba cha mguu hukaribia mita 1. Seli moja!

Hatua ya 3: Washa ujumbe. Nyuroni iliyotulia ina chaji hasi ndani, kama milivolti 70 chini ya nje. Mwiba ukichoma, vilango vya utando wa seli hufunguka, sodiamu yenye chaji chanya humiminika ndani na chaji hugeuka. Kisha potasiamu hutoka, hali ikarudi kama mwanzo. Kila kipande humwamsha jirani yake mpaka mwisho wa uzi. Hapa hakuna nusu: ujumbe huwaka wote au hauwaki. Kwa hiyo maumivu yakizidi, ujumbe haukui, bali hutumwa mara nyingi zaidi kwa sekunde.

Mwendo hutegemea mayelini, gamba la mafuta linaloviringishwa kwenye aksoni. Nyuzi nene zilizovikwa hupita mita 100 kwa sekunde. Nyembamba zisizovikwa hujikokota, kama mita 1. Maumivu husafiri kwa nyuzi za aina mbili: zenye mayelini kidogo, na zisizo nayo kabisa. Ndiyo sababu kwanza unasikia mchomo mkali, halafu maumivu mazito yanayofuka taratibu.

Hatua ya 4: Vuka sinapsi, yaani makutano ya nyuroni mbili. Nyuroni nyingi hazigusani. Ujumbe ukifika ukingoni, kemikali humwagwa kwenye mwanya wa takriban nanomita 20 tu na kupokelewa ng'ambo. Camillo Golgi, mwanasayansi wa Italia aliyebuni rangi ya kuzionyesha seli hizi mwaka 1873, aliamini zimeungana kama wavu. Santiago Ramón y Cajal, mwanasayansi wa Hispania, akatumia rangi hiyohiyo akaona seli zilizojitenga. Mwaka 1906 waligawana Tuzo ya Nobel wakiwa bado wanapingana. Cajal ndiye aliyekuwa sahihi.

Ndani ya ugwe, ujumbe wetu huvuka hadi nyuroni ya kati, kisha nyuroni ya mwendo, na msuli huvuta mguu. Ubongo hupata habari mguu ukiwa umeshanyanyuka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, neva na nyuroni si kitu kimoja?*
La. Nyuroni ni seli. Neva ni fungu la aksoni nyingi, kama nyuzi ndani ya kamba.

*Kiwiliwili cha nyuroni iliyohisi mwiba kiko unyayoni?*
Swali zuri sana. Kiko kwenye fundo dogo kando ya ugwe. Unyayoni kuna ncha za uzi tu.

*Mbona neva ya mkono iliyokatika huweza kupona, ya ugwe haiponi?*
Jibu liko kwa seli za glia, walezi wa nyuroni. Pembeni, seli za Schwann husafisha njia na aksoni humea kama milimita 1 kwa siku. Kwenye ugwe, mabaki ya mayelini na kovu la astrosaiti, aina nyingine ya glia, huzuia kumea. Kwa hiyo, ndugu, aliyeumia mgongo asinyanyuliwe ovyo. Asubiri wenye ujuzi, isipokuwa pale alipo pana hatari kubwa zaidi.